Kutoka golini hadi mimbarini hadi kiti cha kaunsela: makosa yangu nayaanika hapa

Watu wa Kisauni, Mombasa, wanaonijua zamani huniita Kipa. Walionijua baadaye huniita Pasta. Sa hizi kuna vijana wa maskani wananiita daktari wa stresi, na hilo jina nalikataa kila siku manake mimi si daktari, siandiki dawa, mimi ni kaunsela, kazi yangu ni tiba ya mazungumzo basi. Naandika haya kwa sababu kila mwezi sikosi pasta kijana, au ustadh, au kocha wa mtaani ananipigia simu, "nami nataka kuisomea hiyo kazi, naanzia wapi?", halafu najikuta nasimulia yaleyale mpaka sikio lawaka moto. Heri niyaandike mara moja, na niyaandike na uchafu wake.

Nianze na mpira manake ndio ulionilea. Mimi ni mtoto wa Frere Town, pale walipowekwa watumwa walioachwa huru mwaka 1875, karibu na ile kengele iliyopa Kengeleni jina lake. Nilianza kudaka nikiwa darasa la sita kwa sababu nilikuwa mzito wa mbio, na mtoto asiyejua kukimbia wajua hupelekwa wapi. Glavu zangu za kwanza zilikuwa mtumba wa Kongowea, zote mbili za mkono wa kulia, nikavaa hivyo hivyo msimu mzima. Lakini golini nikapapenda. Kipa huona uwanja wote, hupiga kelele watu wazima wakamsikiza, na mimi nilikuwa na sauti. Hiyo sauti ndio iliyonipeleka mimbarini baadaye, na ndio iliyoniharibia pia, tutafika.

Kuna jambo la mwaka 1994 lazima nilitaje hapa hapa. Tarehe 29 Aprili asubuhi feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa. Beki wangu namba tano alikuwa ndani. Tulikuwa vijana, juzi yake tu tulikuwa tumegombana uwanjani kwa sababu ya mpira aliouwacha ukanifunga, nikamtukana tusi la mama, sikupata siku ya kumwomba radhi. Mombasa nzima ilikuwa matangani wiki zile, kila mtaa una turubai. Watu wakapika, wakazika, wakasoma dua, wakaimba, na sisi vijana tuliambiwa tujikaze. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyetuuliza mwalala vipi. Wiki ya tatu tukarudi mazoezini, tukaweka mwengine namba tano, hilo likawa limekwisha. Au ndivyo nilivyojidanganya kwa miaka 25.

Nikaenda chuo cha theolojia, nikapewa kola mwaka 2002, nikarudishwa Pwani. Kanisa langu silitaji na madhehebu siyataji, wanaojua wanajua. Jumapili baada ya ibada ya pili navua kanzu na ndani nishavaa jezi, naruka bodaboda mpaka uwanjani, vijana wananisubiri. Timu yetu ilikuwa mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, kabla ya mechi kapteni asoma Fatiha halafu mimi nafunga kwa sala, na mwezi wa Ramadhani ligi yachezwa usiku baada ya tarawehe, pasta yuko golini saa tano usiku. Wazee wa kanisa wengine walinuna, ati mchungaji wa watu yuwapigwa mipira usoni. Lakini vijana walijaa kanisani na sadaka ikaongezeka, wakanyamaza. Mwaka 2011 goti likakataa, nikawa kocha.

Sasa ndio nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Tulikuwa na winga mmoja, kijana wa miaka 19, kwaya yumo, timu yumo, mguu wa kushoto wa dhahabu. Mwaka 2016 alinijia mara tatu, na mara zote tatu nazikumbuka kama video. Ya kwanza alinambia "Pasta, usingizi hauji." Nikamsomea Wafilipi 4, nikamwombea, nikampiga bega, dakika kumi tumemaliza. Ya pili akanambia mwili mzito, mpira haumpi raha tena. Nikavaa kofia ya kocha, nikamwambia ni uvivu huo, ongeza raundi kumi kila jioni. Ya tatu alikuja nyumbani usiku, akakaa, akaanza kueleza mambo ya babake, mambo mazito. Mimi nilikuwa na mahubiri ya kuandika. Nikamsikiza nusu, nikampa mfano wa Ayubu, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Na ubaya wenyewe ni huu: Jumapili ile ile nikalitia lile jambo kwenye mahubiri. Jina sikulitaja. Nikasema tu "kuna kijana hapa kwetu, winga hodari, nyumbani kwao baba..." Kanisa lote likageuka kumtazama. Mimi juu pale nikaona watu wanatikisa vichwa, nikadhani mahubiri yamewaingia.

Siku kumi na moja baadaye nilipigiwa simu alfajiri kwamba yuko hospitali, amejaribu kujiua.

Alipona, alhamdulillahi kama wasemavyo jirani zangu. Lakini nilipofika wodini nilimkuta askari amekaa kwenye benchi karibu na kitanda, manake wakati ule kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226, mtu ametoka kufa halafu anangojwa na pingu. (Mahakama Kuu ilikuja kusema kifungu hicho kinakiuka katiba mwezi Januari 2025, na mimi nililia kwenye matatu nilipoisoma ile habari.) Mamake alikuwa chini sakafuni hasemi. Mimi nikafungua Biblia kama kawaida yangu, na yule kijana akafumbua macho akanambia polepole, "Pasta, wewe wanijibu kabla sijamaliza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kipa yeyote ajua maana ya hilo neno. Penalti ni mita 11, goli lina upana wa mita 7.32, na kosa kubwa la kipa ni kuruka kabla mpira haujaondoka mguuni. Baadaye nikiwa masomoni nilikutana na utafiti wa Israel wa mwaka 2007, walihesabu penalti 286 za ligi kubwa kubwa, wakakuta makipa waliruka kushoto au kulia karibu mara 94 katika kila 100, na hali karibu penalti 29 katika kila 100 zilikuja katikati. Yaani kipa angesimama tu angeokoa zaidi. Kwa nini hasimami? Kwa sababu ukiruka ukafungwa watu husema amejaribu, ukisimama ukafungwa waonekana mjinga. Niliposoma hiyo nilifunga daftari nikatoka nje. Zile aya zangu, zile raundi kumi, yule Ayubu, kote huko nilikuwa naruka ili nionekane nimejaribu.

Basi nikaamua nisome. Na hapa nianze kuwapa makosa ya mfukoni. Chuo cha kwanza nilichojiunga, kiko mjini juu ya duka, bango zuri, mkurugenzi yuavaa suti ya vipande vitatu, nililipa elfu 35 kabla sijauliza swali hata moja. Muhula wa pili tukagundua hakina usajili na cheti chake hakikupeleki popote. Hela sikurudishiwa. Ndugu yangu, kabla ya kulipa hata shilingi, uliza chuo kimesajiliwa na nani, omba namba, nenda kaihakikishe mwenyewe, na uliza kama waliomaliza wameweza kusajiliwa kufanya kazi, manake Kenya tangu 2014 kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia, si kazi ya kujitangazia tu kwa sababu una kipaji cha kuongea na watu. Sisi wachungaji ndio tunaoingia mtegoni zaidi, tunadhani tushaifanya hii kazi miaka yote kilichobaki ni karatasi.

Chuo cha pili kilikuwa cha kweli. Miaka miwili ya diploma jioni na wikendi ilinila kama laki moja na arobaini, weka nauli ya Kisauni na mjini, weka vitabu, weka saa za usimamizi, yaani kukaa na kaunsela mzoefu aikague kazi yako, ambazo kila moja nililipa elfu mbili. Wangu wa nyumbani aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Hilo deni halijaisha, yeye husema limeisha lakini halijaisha.

Darasani nilikuwa mzee kuliko wote na ndiye niliyefeli wa kwanza. Tulifanya zoezi la wawili wawili, mmoja mteja mmoja kaunsela, robo saa, mwalimu wetu mama wa Kitaita mpole kweli yuko pembeni na kalamu. Nilipomaliza nikajiona nimechanja mbuga. Akanambia, "Mchungaji, umetoa ushauri mara tisa. Mwenzako amesema sentensi kumi na mbili tu." Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini usiku sikulala. Miaka kumi na sita ya mimbari ilikuwa imenifundisha kwamba kimya ni adui, mtu akinyamaza sekunde tatu najaza. Nilikwenda wiki mbili nikifanya mazoezi nyumbani, mtu akinieleza jambo nahesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla sijafungua mdomo. Mwanangu wa mwisho akamuuliza mamake kama baba anaumwa.

Kilichonipa moyo ni kukuta kwamba mimi si wa kwanza kupita njia hii. Carl Rogers, yule Mmarekani ambaye karibu kila kaunsela wa Kenya hufundishwa njia yake, alianza na seminari New York kabla ya kuvuka kwenda saikolojia. Freud mwenyewe, anayehesabiwa baba wa tiba ya mazungumzo, na ukanaji Mungu wake wote, rafiki yake wa miaka thelathini kwa barua alikuwa pasta wa Zurich, Oskar Pfister. Na kuna Chad Varah, kasisi wa Uingereza, mazishi yake ya kwanza kabisa kuongoza yalikuwa ya binti wa miaka 14 aliyejiua, hakusahau, mwaka 1953 akaanzisha London huduma ya simu kwa watu waliofikia mwisho. Huyo ndiye nilimfikiria zaidi. Yeye alizika. Mimi wangu alipona, sina kisingizio.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba lazima nawe ukae kwenye kile kiti. Chuo kilitaka kila mwanafunzi apate kaunsela wake mwenyewe, nikaona ni kupoteza hela, mimi sina shida, nina Yesu na nina mke. Kikao cha kwanza mpaka cha tano nilimhubiria yule dada. Cha sita aliniuliza swali dogo tu, kwa nini kila nikizungumza habari za timu sauti yangu hupanda. Nikaanza kumweleza mambo ya ukocha, nikajikuta nimefika Mtongwe. Namba tano. Lile tusi. Nililia mpaka kamasi, mtu mzima wa miaka 45, miaka 25 baada ya mazishi. Nikaelewa kwa nini nilikuwa siwezi kumsikiza mtu mwenye huzuni zaidi ya dakika kumi, ilikuwa si haraka ya kazi, nilikuwa nakimbia. Kwa hiyo ukitaka kuisomea hii kazi weka hela ya kaunsela wako kwenye bajeti toka siku ya kwanza, na kama unaona huna haja naye basi wewe ndiye hasa.

Mafunzo ya vitendo yalinikutia kwenye korona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, makanisa na misikiti ikafungwa, hoteli za North Coast zikafungwa, Mei wakafunga Mji wa Kale watu wasitoke wala wasiingie. Simu yangu ikawa haizimwi. Wapishi wa hoteli, mabichi boi, madereva wa tuktuk, kina mama waliozika kwa haraka haraka bila matanga. Mimi nikawa napokea saa nane ya usiku, saa kumi, nikajiona mtakatifu. Miezi mitatu ya hivyo nikaanza kusahau majina, nikamchanganya mtu na msiba wa mwengine, aibu sijaona kama ile. Msimamizi wangu akaniuliza kwa Kimvita chake kile, "Kwani wewe ni kaunsela ama ni feri, wapakia tu hata uzame?" Hakujua amesema nini. Nilinyamaza kwa simu mpaka akadhani laini imekatika.

Toka siku hiyo simu yangu yazimwa saa tatu usiku, watu watano kwa siku basi, na kila mtu siku ya kwanza namwambia akizidiwa usiku ampigie nani na aende wapi. Sijafa kwa hilo na wao hawajafa.

Sasa suala la kanisa. Hapa nilichelewa sana na niliumiza watu. Nilidhani naweza kuwa pasta wa mtu Jumapili, kocha wake Jumanne na kaunsela wake Alhamisi. Haiwezekani. Mama mmoja alinieleza mambo ya ndoa yake kwenye kikao, Jumapili akaniona namkabidhi mumewe kipaza sauti asome somo, akahama kanisa. Sikuwa nimevunja siri yake yoyote, lakini yeye alinitazama akajiona yuko uchi. Nikaenda kwa kamati nikawaeleza, nikaomba nipunguziwe majukumu. Wakanambia nichague. Mzee mmoja akasema ati nimebadilisha Roho Mtakatifu na saikolojia ya wazungu. Mwaka 2021 nikachagua. Tukahama nyumba ya kanisa kwa mkokoteni, safari nne, tukapanga vyumba viwili, mshahara ukakatika mwezi huo huo. Miezi minane ya kwanza ofisi yangu ya Tudor, chumba cha elfu tisa, ilikuwa haijilipi. Nilikuwa na wateja watatu kwa wiki na mmoja wao alikuwa akinilipa kwa samaki. Kola bado ninayo, huhubiri nikialikwa, lakini kanisa ninaloabudu sasa simshauri mtu hata mmoja, nampa namba ya mwenzangu.

Nimesema wateja. Hilo neno nalo lilinipiga chenga. Darasani ni mteja, mteja wangu, haki za mteja. Mombasa teja ni mtu wa unga, mtumiaji wa dawa za kulevya! Na wenyewe wasema lilitoka kwenye simu, "mteja unayempigia hapatikani", mtu akishadungwa yupo lakini hapatikani. Nikamwambia mzee mmoja wa Majengo "wewe ni mteja wangu", akasimama, "mimi kijana wangu sijagusa hata sigara!" Toka hapo nasema mgeni wangu. Na wale mateja wenyewe wa kweli nilikuja kuwahudumia pia, nikajifunza kwamba mazungumzo peke yake kwa mtu wa unga ni kumdanganya, kuna kliniki ya methadoni, dawa inayopewa mtu badala ya unga, aende huko na mimi niwe wa pembeni.

Lugha kwa jumla ni nusu ya kazi. Kwenye vitabu dipresheni ni huzuni. Huku kwetu mtu haji kukwambia ana huzuni. Huja akakwambia moyo wanienda mbio, kichwa chawaka, mwili kama umefungwa mawe, chakula chageuka mchanga mdomoni. Kuna fomu ya maswali tisa ya kupima dipresheni, PHQ-9, kila swali alama sufuri mpaka tatu, jumla 27, ni chombo kizuri natumia, lakini ukiisoma kama askari wa trafiki utapata majibu ya trafiki. Mimi huacha aseme kwa maneno yake kwanza. Na swali la kujiua huuliza wazi, "umewahi kuona heri ufe?", sizunguki. Niliogopa sana mwanzo, nikidhani nitamtia mtu wazo. Si kweli. Wengi huvuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Laiti ningemuuliza winga wangu.

Halafu kuna majini. Usicheke, wewe kaunsela mpya kutoka bara, usithubutu kucheka. Mtu atakwambia amekunywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, amesomewa ruqya, kisomo cha kutoa majini, ameenda kwa mganga Kinango, na wa kwangu watakwambia wameombewa mapepo yametoka yakarudi. Mwanzo nilikuwa nabishana, theolojia imenijaa. Siku hizi nauliza tu, ulipofanyiwa ulijisikiaje, na nani alikuwa nawe? Hapo ndipo hadithi hutoka. Mpaka wangu ni mmoja: asiachishwe dawa. Nilikuwa na mama aliyeambiwa na mhubiri atupe vidonge kuonyesha imani, wiki tatu baadaye alikuwa barabarani anavua nguo. Mtu akisikia sauti, au haelewi siku wala saa, au halali kabisa siku tatu nne, si wangu huyo, namsindikiza Port Reitz kwenye kitengo cha akili mimi mwenyewe kwa matatu. Najua ukilitaja Port Reitz Mombasa watu wacheka. Wacha wacheke, dawa ziko pale.

Wanaume ndio walionishinda muda mrefu. Hawaji ofisini, na wakija hutazama ukuta. Nikakumbuka uwanjani, maneno ya maana yote niliyowahi kusikia kwa mwanamume yalisemwa tukiwa tumekaa nyuma ya goli, bega kwa bega, macho mbele. Nikaanza kuwatembeza kule bustani ya Mama Ngina asubuhi mapema, chini ya mibuyu, bahari upande mmoja, hatutazamani. Wanaongea! Msimamizi wangu alinibana kwelikweli, je mkikutana na watu wanaowajua, je akilia barabarani, kwa hiyo tunakubaliana kabla ya kutoka tutasema nini tukikutana na mtu, na wa mambo mazito hatoki ofisini. Mmoja alikuwa mkimbiaji, amejichukia kwa sababu ameacha kazi kabla hajaanguka. Nikamkumbusha mbio za nyika za dunia, 24 Machi 2007, hapa hapa uwanja wa gofu, lile joto. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimgusa kwenye nyika, raundi ya mwisho alitoka njiani akasimama, Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Sisi tuliokuwepo tulishangilia vibaya, ndio ukweli, Mhabeshi amekwisha. Yule mgeni wangu akatembea kimya mpaka karibu na feri ndipo akasema, "Nami walinishangilia hivyo hivyo nilipoacha." Hapo ndipo tulipoanza kazi.

Kuhusu hela nitasema kidogo manake watu huuliza hilo tu. Huwezi kutajirika. Mimi hutoza elfu moja mia tano, wenye uwezo elfu mbili na nusu, na kila wiki nina viti viwili vya bure, vikijaa vimejaa, mtu wa tatu nampeleka kwengine. Bei taja siku ya kwanza, bila aibu. Miaka ya uchungaji ilinifanya nione haya kuitisha hela, matokeo yake nilikuwa nawakasirikia watu moyoni kwa deni ambalo sikuwahi kuwaambia. Na siri: mwambie mtu mapema kwamba itatunzwa, na mwambie pia ni lini haitatunzwa, akitaka kujidhuru au kudhuru mtu au mtoto akiwa hatarini. Wengine huondoka wakisikia hivyo. Afadhali aondoke akijua.

Yule winga sikuwa kaunsela wake na sitakuwa. Nilikwenda kwao mwaka 2019, nikamwomba radhi mbele ya mamake kwa yale mahubiri, sikuongeza neno, sikuomba, ingawa ulimi uliwasha. Akasema "sawa." Hilo tu. Ana mtu anayemwona Likoni, sijui wanaongea nini na siulizi. Sasa hufundisha watoto wa chini ya miaka kumi na tatu, pale pale uwanjani kwetu.

Jumamosi iliyopita nilipita nikamkuta. Akaja akakaa nami nyuma ya goli, tukawatazama watoto wakipasha, kipa wao mdogo glavu zamvuka mpaka viwiko. Kama dakika kumi hakusema kitu. Na mimi nikakaa.

Mwisho akachukua jiwe dogo akalirusha akasema, "Pasta, huyu mtoto yuaruka mapema sana. Njoo Jumanne."

Nimeshatafuta glavu. Ile moja sijui iko wapi.